Neno Kabla ya Ijumaa

Kama kulikuwa na mtu aliyeamka na furaha Jumamosi ile ya Oktoba katika hoteli zote zinazozunguka kituo cha treni cha Liuhua, basi alikuwa Swalha wa chumba namba 807. Alijaribu mitandio minne mbele ya kioo, akarudi kwenye ule wa kwanza, wa kijani, ambao mtu mmoja aliwahi kuusifia mwezi wa Julai kisha akajifanya alikuwa akisifia hali ya hewa. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyeolewa akaachika, anabadilisha mitandio kama mwari! Alijicheka, na kwa kuwa hapakuwa na wa kucheka naye, kicheko kikaisha mapema.

Mwaka ule wa 1998 Waswahili wa Guangzhou walikuwa wachache, na wengi wao wapita njia. Wanakuja wiki mbili, wanafunga mizigo soko la Zhanxi, wanarudi kwao. Swalha alikuwa na miezi kumi na minne. Alipika wali wa mtu mmoja kwenye jungu dogo la umeme, akala akitazama televisheni asiyoielewa. Mapokezi walimwita Sha-wa-la. Wasichana wa Zhanxi walimpa jina la Madamu Buyao, kwa sababu kila akionyeshwa kitu neno lake la kwanza lilikuwa hilo, buyao, sitaki. Biashara ndivyo ilivyo, ukionyesha unataka umekwisha. Mtu mmoja tu katika mji wote ule ndiye aliyelitamka jina lake likatoka lilivyo, na huyo ndiye aliyekuwa akimwendea.

Basi la kwenda Xintang, mji wa jinzi kando ya mto, lilijaa wanunuzi. Swalha alikaa dirishani, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba alificha zawadi yake: mapezi thelathini na sita ya plastiki, mekundu, ya manjano na ya samawati.

Mapezi hayo yalikuwa ya kukazwa chini ya mbao za kutelezea mawimbi, na mbao zenyewe ni za Mzee Pandu, mwenye hoteli kaskazini ya Unguja. Mzee huyo alinunua boti, akasikia huko duniani siku hizi watu wanapanda ubao nyuma ya boti wakabebwa na wimbi lake, hata kamba hawashiki. Akaagiza mbao kumi na mbili. Swalha, ambaye mpaka siku ile alijua jinzi tu, alihangaika wiki mbili akapelekwa kwenye kiwanda kidogo ukingoni mwa mto, na huko, kwenye vumbi jeupe, akakuta kijana wa Kitanga anapiga msasa huku akiimba kasida. Huyo ndiye Gharib. Fundi boti wa zamani, alikuja China kununua jinzi, biashara ikamshinda, mikono yake ikamwokoa.

Hiyo ilikuwa Juni. Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda. Mwanzo alisema anakwenda kukagua oda. Halafu alisema mtu hawezi kuuza asichokijua, lazima ajifunze kukipanda. Mwezi wa Septemba hakusema kitu tena, alikuwa anakwenda tu. Na Gharib naye, mwanamume mwenye haya kuliko bibi harusi, alikuwa anamtazama Swalha hivi, Swalha akigeuka, anatazama mto.

"Leo atasema," Swalha alijiambia basi lilipopita kwenye maghala ya vitambaa. "Na asiposema leo, wallahi nitasema mimi."

Kulikuwa na utani baina yao. Siku ya kwanza Gharib alipotuma bei kwa faksi, msichana wa ofisini, Ah Ling, ndiye aliyenakili Kiswahili chake herufi kwa herufi kwenye mashine, na katika kunakili akachomeka herufi isiyokuwepo. Ikatoka: "Kila ubao una mapenzi matatu." Swalha alicheka mpaka mapokezi wakaja kumtazama. Akampigia simu Gharib palepale. "Mapenzi matatu, baba? Mimi hata moja sijaliona!" Gharib alikohoa dakika nzima. Toka siku ile hawakuandikiana tena mapezi. Ilikuwa mapenzi makubwa, mapenzi madogo, mapenzi ya kati yamelegea.

Jumanne iliyopita ilikuja faksi nyingine. Swalha aliikumbuka yote, haikuwa ndefu: "Kuhusu mapenzi, nangoja neno lako. Kwa upande wangu yapo tangu Juni. Ukiyataka, nitawaambia wasubiri. Usipoyataka, waache waendelee. Nijibu kabla ya Ijumaa." Safari hii iliandikwa kwa mkono. Pengine Ah Ling yuko likizo, aliwaza. Na kwa kuwa wiki ileile alikuwa ameyaona haya mapezi ya rangi, na Mzee Pandu anapenda vitu vinavyong'aa, Jumatano akajibu kwa utani wao uleule: "Mapenzi yako siyahitaji tena. Nimepata mengine, mepesi na ya rangi. Waambie waendelee."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Lakini nani alimkumbusha?

* * *

Gharib alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, kanzu ya kazi imejaa unga wa msasa. Hakuja kumpokea mkoba kama ilivyokuwa desturi yake.

"Karibu, Bi Swalha."

"Bi?" Swalha alicheka. "Leo nimeshakuwa Bi? Nimezeeka tangu Jumamosi iliyopita?"

"Mteja ni wa kuheshimiwa."

Alisema hivyo akitazama chini. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Swalha akadhani ni kazi. Ndani, Ah Ling alikuwa mezani kwake, anagonga mashine, akampungia mkono kwa furaha. Swalha naye akampungia. Kitu kidogo kikamgusa rohoni, kikapita, hakukishika.

"Haya, tuchague," alisema Gharib. "Laoban anataka kufunga masanduku Jumatatu."

Laoban Liang, mwenye karakana, mzee mnene mwenye kofia ya majani, alikuwa ukingoni anajaza maji mifuko mikubwa ndani ya boti. Mbao zilipangwa ukutani. Gharib akazipita moja moja, akizigonga kwa vifundo vya vidole, akieleza kama anayesoma tangazo.

"Hizi nne nene, ndefu, za wageni wazito. Zinaelea, zinamsamehe mtu. Hizi sita ni za kati. Hizi mbili nyembamba, pua ya duara, wape vijana wa boti wenyewe, zinazunguka kama sahani. Mgeni wa siku ya kwanza ukimpa hii, atakunywa bahari yote."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi ubao wangu upi?"

Zamani angesema, wako nimekuwekea. Leo alinyoosha kidole tu. "Ule wa kati. Kilo zako zinaujua."

"Kilo zangu! Gharib, umekula nini leo?"

Aliupindua ubao, akachukua ufunguo mdogo wa L kuanza kukaza mapezi. Yalikuwa meusi, matatu, aliyoyachonga na kuyapiga msasa mwenyewe, mawili pembeni yameelekeza pua ndani kidogo, la kati refu kuliko wenzake. Swalha akaona huu ndio wakati wa zawadi. Akafungua mkoba, akayamwaga mapezi ya rangi juu ya meza.

"Sasa tazama! Haya ndiyo niliyokuandikia. Mepesi, ya rangi. Mzee Pandu atafurahi kama mtoto siku ya Idi."

Ufunguo ulianguka sakafuni. Gharib hakuinama kuuokota. Aliyatazama yale mapezi, akamtazama Swalha, akayatazama tena.

"Nini?" Swalha aliuliza. "Mabaya?"

"Haya..." Aliokota moja jekundu, akalibonyeza kwa dole gumba. Likapinda. "Haya ndiyo uliyoniandikia."

"Ndiyo hayo."

Laoban Liang alipiga kelele kutoka ukingoni, boti tayari. Gharib akainama akaokota ufunguo, akakosa tundu la skrubu mara tatu.

"Tukayajaribu," alisema. Sauti ilikuwa ya mbali.

* * *

Waliupanda mto, wakaviacha nyuma viwanda vya kufulia jinzi, mpaka mahali ambapo maji yanarudia rangi yake. Boti ile ilikuwa na pangaboi chini ya tumbo, mbali na mkia, ndiyo maana mtu aliweza kukaribia nyuma bila hofu. Mifuko ya maji ilikuwa imelazwa upande wa kushoto, boti ikainamia huko, na upande huohuo likajikunja wimbi moja refu, laini, lisilovunjika.

Swalha aliingia majini na suruali yake ndefu ya kuogelea, fulana ya mikono mirefu, mtandio wa kijani umekazwa kilemba nyuma na boya kifuani. Ubao ulikuwa na mapezi ya rangi.

"Visigino juu ya ubao," Gharib alisema kutoka mkiani. "Magoti kifuani. Usivute kamba. Ngoja boti ikunyanyue."

"Najua, mwalimu."

Boti ikaondoka. Ubao ukasimama, yeye akasimama nao, mguu wa kushoto mbele. Alipoingia kwenye wimbi, mkia ukamponyoka kama samaki aliyekamatwa kwa mkono mmoja. Akaanguka. Akajaribu tena. Akaanguka tena, safari hii akameza maji.

"Yanapinda!" Gharib alimwambia walipomrudia. "Ukilalia ubavu, pezi linatakiwa libishane na maji. Haya hayabishani. Yanakubali kila kitu."

"Basi, nimeshindwa. Rudisha yako."

Alimkazia yale meusi palepale, amepiga magoti mkiani. Vichwa vyao vilikuwa karibu. Swalha aliona mvi mbili kwenye kidevu chake ambazo hazikuwapo Juni, akatamani kuzigusa.

"Gharib."

"Naam."

"Umenikasirikia?"

"Nani anaweza kukukasirikia wewe?" Alikaza skrubu ya mwisho. "Nenda. Magoti yalegee. Bonyeza mguu wa mbele ukitaka mwendo, wa nyuma ukitaka kupoa. Na usitazame miguu. Tazama bendera ya boti."

Bendera! Masomo tisa yaliyopita alikuwa akisema: usitazame miguu, nitazame mimi. Swalha aliyasikia mabadiliko hayo, yakamchoma, lakini alikuwa ameshaamua kuwa leo ni siku njema, na mtu akishaamua hivyo huwa kiziwi.

Ubao ulishika. Mapezi meusi yaliuma maji, Swalha akajisikia anasukumwa mgongoni na kitu kikubwa chenye upole. Kamba ikalegea mkononi. Hapo ndipo penye shughuli. Kamba ikilegea maana yake wimbi limeshakubeba, unatakiwa uiachie, na Swalha katika masomo tisa hakuwahi kuiachia hata mara moja. "Nikiiachia nitabaki peke yangu," alikuwa akisema, na Gharib alikuwa akicheka.

"Achia, Swalha!" Gharib alipaza sauti. Jina tupu, bila Bi. Likatoka lilivyo.

Akaiachia.

Hakuanguka. Alibonyeza mguu wa mbele, akaikaribia boti mpaka akaona kutu ya ngazi. Akabonyeza wa nyuma, akarudi. Alikuwa anateleza mtoni ugenini, mikono mitupu, na hakuna kinachomvuta. Furaha ikampanda mpaka kooni. Akainua uso amwone Gharib akifurahi naye.

Gharib alikuwa amempa kisogo. Alikuwa anafuta uso kwa mkono wa kanzu.

* * *

Waliporudi, Laoban Liang aliingia ndani kula. Wao wawili walikaa kwenye ngazi za gati, kila mmoja na kikombe cha chai isiyo na sukari. Swalha alikuwa amejifunga shuka, anatetemeka kidogo, bado anacheka.

"Umeniona lakini? Nimeachia!"

"Nimekuona."

"Na hunipi hata hongera?"

"Hongera." Gharib alizungusha kikombe. "Na wewe nipe yangu."

"Ya nini?"

"Nimeoa jana."

Swalha alisubiri amalizie utani. Hakumalizia.

"Umeoa," alisema taratibu. "Jana. Wapi? Jana si ulikuwa hapa unapiga msasa?"

"Tanga. Baba mdogo amenipokelea ndoa kwa uwakala. Nikaha imesomwa baada ya sala ya Ijumaa, wakanipigia hapa ofisini. Sihaba, binti wa mjomba. Mama amemtaka tangu mwaka juzi, mimi nikawa nawazungusha." Alitazama mto. "Mama alisikia habari zako. Alisema mwanamke wa masanduku hakai nyumbani. Nikamwambia mama, nipe mpaka Ijumaa, kuna mtu nangoja neno lake. Neno lilipokuja, nikawaambia waendelee."

Waendelee.

Swalha alikitua kikombe chini. Waache waendelee. Waambie waendelee. Maneno yalimrudia moja moja, kila moja limegeuka uso. Yapo tangu Juni. Ah Ling hakuwa likizo, yuko ndani anagonga mashine. Gharib aliandika kwa mkono wake kwa sababu hakutaka Ah Ling aitie mkono barua ile. Na mapezi! Mapezi yalishamalizwa tangu Agosti, sahihi yake mwenyewe ipo kwenye karatasi. Hapakuwa na swali la mapezi. Yeye ndiye aliyemwandikia mwanamume anayempenda: mapenzi yako siyahitaji, nimepata mengine.

"Swalha." Gharib alikuwa amemgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukwepesha macho. "Nataka nikuulize kitu kimoja, unijibu kweli. Ile faksi yangu uliielewa?"

Swalha aliivuta shuka mabegani.

"Kwa sababu nimeyaona yale mapezi yako mezani, roho ikaniruka. Mepesi, ya rangi. Nikasema, ya Rabbi, au hakunielewa? Au alidhani ni utani wetu ule? Swalha, kama hukunielewa, niambie sasa hivi. Simu ile pale ofisini. Yule binti sijamwona tangu ana miaka kumi na miwili. Nampigia baba mdogo, mambo yanakatwa leo hii, hata ubani haujapoa."

"Unamwacha?"

"Namwacha."

"Kwa simu?"

"Kwa simu, kwa faksi, kwa chochote."

Swalha alitazama maji. Miaka minne nyuma, mjini Unguja, alikuwa jikoni anachambua mchele alipoingia shemeji yake na bahasha. Mumewe, Ameir, alikuwa Muskat kikazi. Ndani karatasi moja, mistari mitatu, talaka yake na habari ya mke mpya. Kabla hajamaliza kusoma majirani walikuwa wameshajua. Alimaliza kuchambua ule mchele. Aliupika. Hakuna aliyeula. Mpaka leo, kaka yake Othman akimwambia kwenye simu, "Rudi, dada, yamepita," yeye husikia harufu ya mchele ule.

"Ana miaka mingapi, huyo Sihaba?"

"Ishirini na miwili. Swalha, hunijibu."

"Wametia hina?"

"Nani?"

"Mkeo, jana kaolewa. Wamemtia hina?"

"Watakuwa wamemtia," alisema Gharib kwa unyonge. "Mikono na miguu. Mama alisema nyumba nzima ilijaa."

Nyumba nzima ilijaa. Swalha aliiona: mashangazi, vigelegele, binti amekaa mkekani hawezi kushika kitu kwa sababu ya hina mbichi. Na simu inalia. Hina itakaa mikononi wiki mbili, na kila atakayemwona sokoni atajua tangu lini kaachwa.

"Kuna njia nyingine," Gharib alisema kwa sauti ya chini. "Dini imeruhusu..."

"Usimalize. Mimi niliachika kwa sababu ya mke wa pili. Sitamfanyia mwenzangu."

"Mwenzako? Kwa hiyo..." Alisimama. "Kwa hiyo hukuielewa! Swalha, hukuielewa!"

Moyo wake ulikuwa unampigia kelele sema, sema, mjinga we, sema. Miezi kumi na minne ya wali wa mtu mmoja ilikuwa inasema. Alikuwa na neno moja mdomoni, na neno lile lingempa kila kitu alichokitaka duniani, kabla chai haijapoa.

Akainua uso. Alikuwa amefanya biashara Zhanxi miezi kumi na minne, na kule alijifunza kutazama anachokitaka bila jicho kucheza.

"Niliielewa, Gharib."

"Usinidanganye."

"Niliielewa tangu mstari wa kwanza. Mtu mzima mimi. Nikakujibu kwa utani ili isikuume sana. Yale mapezi nimeyanunua baada ya faksi yako, ili nipate la kusemea."

"Ulisema umepata mengine."

"Nimepata."

"Nani?"

"Humjui."

"Anakupenda?"

"Ananipenda," alisema Swalha. "Ana haya sana. Lakini ananipenda."

Gharib alisimama pale, ufunguo wa L bado umo kiganjani mwake. Kisha alikaa chini polepole kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba mara ya pili.

"Basi," alisema. "La kuvunda halina ubani. Nasafiri Alhamisi."

"Ufike salama."

"Na mbao zako nitazifunga mwenyewe kabla sijaondoka. Mapezi nitie yapi?"

Swalha alisimama, akakaza mtandio wa kijani uliokuwa umelowa.

"Yako," alisema. "Nitie yako. Yote."

* * *

Ilikuwa alasiri alipofika Liuhua. Mapokezi walimwita Sha-wa-la, akaitika. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha, mitandio mitatu juu ya kitanda, kioo, jungu dogo la umeme.

Faksi ya Jumanne ilikuwa dirishani, alipoiweka baada ya kuijibu. Wafanyabiashara wote walijua tabia ya karatasi zile: wino wake si wino, jua likiigusa maandishi yanakimbia, na ukiiacha miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Ndiyo maana kila oda muhimu Swalha aliikoleza kwa kalamu, mstari kwa mstari, siku ileile inayofika. Hii hakuikoleza. Aliona haikuwa oda, ilikuwa mzaha. Siku nne tu na mwandiko wa Gharib ulikuwa umeshaanza kuwa kijivu, hasa pembeni, palipoandikwa tangu Juni.

Hakuvua nguo zenye unyevu. Alikaa mezani, akainyoosha karatasi kwa kiganja, akachukua kalamu yake ya oda. Alianza juu. Kuhusu. Alifuata kila pindo la mkono wa Gharib, pale aliposita, pale alipobonyeza sana, na akaona kitu ambacho Jumanne, kwa kucheka, hakukiona: neno la pili lilikuwa limeandikwa polepole kuliko mengine, herufi moja moja, na mtu aliyeogopa kukosea.

Akalipitisha kalamu hilo neno. M. A. P. E.

Alipofika kwenye ile N, mkono ukasimama. Nje kwenye njia ya kituoni watu walikuwa wanasukuma mikokoteni na kuitana kwa majina yao. Swalha akafuta macho ili aone vizuri, kisha ile N akaikoleza mara mbili.